Unaenda ushago Desemba na una bresi, zile waya za kunyoosha meno? Soma hii kabla ya kufunga begi

Anza na miadi. Mwone daktari wa meno wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba, si tarehe 22, na usithubutu asubuhi ya kupanda matatu. Waya ikikazwa, meno huuma zaidi katika saa 24 za kwanza, kisha maumivu hupungua polepole kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki nzima. Ukikazwa leo na kesho ni Krismasi, utakunywa uji wenzako wakila kuku. Ukiwa pale kwenye kiti, mwombe daktari aguse kila brakiti, yaani kile kidude kilichogundishwa kwenye jino, ahakikishe hakuna kinachocheza. Kabla hujatoka uliza mambo matatu: mnafunga lini, mnafungua lini, na katikati hapo nani anashika simu. Andika namba hiyo kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji na stima hupotea.

Elewa pia kinachoshikilia hiyo brakiti. Gundi yake imetengenezwa ili siku moja daktari aweze kuibandua bila kuvunja jino, kwa hivyo haiwezi kushinda mfupa wala punje kavu ya mahindi. Ikibanduka, jino lile halivutwi tena inavyotakiwa, na safari ya miezi inarefuka. Waliokulia Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zenye maji ya floraidi nyingi, wale wenye meno yenye madoa ya kahawia, wawe waangalifu maradufu: kwenye meno yaliyoathirika sana gundi hushika kwa udhaifu zaidi.

Vya kukataa bila mjadala: karanga, bisi, tofi, chingamu, kutafuna barafu, simsim iliyogandishwa kwa sukari, mapera yenye zile mbegu ngumu. Usifungue soda kwa meno. Wako watu wazima wanaofanya hivyo kila Desemba na kushangiliwa. Wewe tafuta kifunguo.

Vingine si vibaya, ila vinataka kisu. Mahindi, ya kuchoma au ya kuchemsha, yapukuchue. Usiyang'ate kwenye gunzi. Embe likate vipande, maana nyuzi zake zikishajifunga kwenye waya utazichokonoa hadi usiku. Chapati irarue kwa vidole, kipande kidogo kidogo, usiivute kwa meno ya mbele. Nyama choma mwambie anayekata aikate ndogo kuliko kawaida, uitafune kwa magego taratibu, na mfupa umwachie mwingine. Nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ni sawa ikiwa mahindi yamechemka yakapasuka. Yakiwa magumu, kula maharagwe na uache mahindi. Samaki wa mchuzi ni rafiki yako kuliko aliyekaangwa akakauka. Na kwa kweli magharibi mwa Kenya mtu wa bresi hawezi kulala njaa: kuna ugali kwa mrenda, kuna viazi vitamu, matoke, wali, uji wa wimbi. Kama mipira yako ya bresi, ile midogo inayofunga waya kwenye brakiti, ni ile isiyo na rangi, vyakula vyenye bizari ya manjano vitaigeuza rangi. Haidhuru meno, ila usishtuke ukiona picha.

Soda inastahili neno lake. Kreti ikishaingia nyumbani, watoto hushika chupa moja na kuinyonya kuanzia saa nne hadi jioni. Hapo ndipo madhara yanapotokea, kwa sababu meno hayapati nafasi ya kupumzika kutokana na sukari na asidi, na uchafu umejificha kuzunguka kila brakiti. Siku bresi zinapotolewa unakuta madoa meupe yamechora umbo la brakiti kwenye jino, na mengine hayaondoki. Kunywa pamoja na chakula, maliza, sukutua kwa maji, na upige mswaki baada ya nusu saa hivi.

Sasa muwa. Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu niliona lilivyomtesa mtoto.

Mtoto wa kaka yangu, msichana wa kidato cha pili, alipewa na kliniki yake ya Kisumu karatasi ya vyakula vilivyokatazwa. Karatasi nzuri, ya rangi. Ilitaja ukingo mgumu wa piza, ikataja karameli, ikataja mikate ambayo kwetu Khwisero hakuna duka linaloiuza. Muwa haukuwemo. Mahindi ya kuchoma hayakuwemo. Msichana ni mtiifu, aliifuata karatasi herufi kwa herufi. Jioni ya tarehe 24 binamu zake walirudi kutoka shambani na miwa mabegani, wakakaa uani kumenya kwa meno kama tulivyofanya sote utotoni, naye akachukua wake. Hakuna mtu mzima aliyesema neno. Muwa kwetu hauhesabiwi kuwa chakula kigumu. Huonwa kama maji tu.

Alipovuta ganda mara ya pili, brakiti ya jino la chonge ikabanduka. Waya ikateleza kuelekea upande mmoja, ncha yake ikatokeza nyuma ya gego la mwisho, kiasi cha punje ya mchele, ikaingia kwenye shavu. Saa tatu usiku shavu lilikuwa limechanika ndani. Nta ya kufunikia waya inayochoma hakubeba, ilibaki mjini kwenye droo. Kliniki ilipigiwa simu ikaita mpaka ikakatika, na walikuwa wamefunga hadi baada ya Mwaka Mpya.

Siku ya Krismasi nyanya yake alichinja jogoo aliyekuwa akimtunza kwa ajili yake tangu Agosti. Msichana alijaribu, machozi yakamtoka, akarudisha sahani. Mama yetu akanyamaza. Kwake, mjukuu kukataa kuku wake mbele ya wageni ni jambo zito, na kueleza kwamba ni waya hakukumsaidia sana, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia mapema. Kisha ushauri ukaanza kumiminika. Mjomba mmoja akaleta koleo kutoka kwenye boksi la vifaa vya pikipiki. Jirani akapendekeza ile gundi ya viatu inayokauka mara moja.

Vyote viwili vikatae hata kama anayeleta ni mkubwa wako. Koleo haliingii nyuma ya mdomo bila kujeruhi, na kipande kikikatika kinaweza kudondoka kooni. Gundi ya dukani ina kemikali zisizofaa mdomoni na humharibia daktari kazi. Brakiti iliyobanduka lakini bado imeshikwa na waya iache ilivyo, ifunike kwa nta ikisumbua. Iliyotoka kabisa iweke kwenye bahasha uende nayo.

Kilichomsaidia msichana ni muuguzi wa zahanati ya jirani aliyeangalia kwa tochi, akamfundisha kuweka kipande cha pamba safi kilicholowa kati ya ncha na shavu, na kusukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu. Aliishi hivyo, akilala kwa vipande, mpaka kliniki ilipofunguliwa. Lile jino lilikuwa limeanza kurudi lilikotoka. Daktari alibandika brakiti upya, akalazimika kurudi kwenye waya nyembamba ya hatua za mwanzo, na kaka yangu akalipia kazi aliyokuwa ameshailipia.

Kwa hivyo begi lako liwe na nta, tena zaidi ya kipande kimoja. Kausha waya au brakiti kwa tishu, finyanga nta kiasi cha punje ya mahindi, bandika juu ya kinachochoma. Beba pia kioo kidogo, mswaki, kile kibrashi chembamba cha kupita chini ya waya, dawa ya meno yenye floraidi, pamba, dawa ya maumivu unayoitumia siku zote, na kikata kucha kipya ambacho hakijakata kucha ya mtu. Waya nyembamba ikichoma, jaribu kwanza kuikunja kwa upole kuelekea jino kwa mgongo wa kijiko cha chai au kifutio cha penseli. Ikishindikana, na daktari kwenye simu akakubali, ndipo mtu mzima aoshe kikata kucha, ashike ncha ya waya kwa tishu ili isidondoke, akate. Ukimeza brakiti, mara nyingi itapita tumboni na kutoka yenyewe. Lakini ukianza kukohoa bila kukoma au kupumua kwa shida, ni hospitali sasa hivi, iwe sikukuu au la.

Na mzazi, piga simu nyumbani wiki moja kabla. Usimwachie mtoto kazi ya kumkatalia nyanya chakula, hawezi na hapaswi. Sema wazi: "Mama, meno ya huyu yamefungwa waya. Mchemshie kuku mpaka nyama iachane na mfupa, na muwa asipewe." Mwaka uliofuata kaka alifanya hivyo, na mama yetu ndiye aliyesimama mlangoni kuwafukuza binamu wenye miwa. Jogoo alichemshwa tangu alfajiri.

Wenye mipira ya kuvuta meno, ile ya kuvaa na kuvua, beba ya kutosha siku zote na ya ziada. Usiiache wiki mbili kwa sababu kuna wageni au kwa sababu ya picha. Wenye vifaa vya kuvua, weka kwenye kikasha chake wakati wa kula. Kilichofungwa kwenye tishu hutupwa pamoja na mifupa, au huliwa na mbwa.

Angalia pia pikipiki za sherehe, watoto watatu nyuma ya mmoja bila helmeti. Angalia mpira wa mchana kwenye uwanja wa shule. Kiwiko kikigonga mdomo wenye bresi, midomo huchanika kwa ndani. Mwaka Mpya nao una mbuzi wake na mifupa yake, ule mwangalifu vilevile. Kwa wanaorudi bweni Januari, mkaguliwe kabla ya kufungua shule, na mweke miadi hiyo Desemba hiihii, kwa sababu wiki ile ya kwanza kila mzazi aliyefika kutoka ushago yuko kwenye foleni na mtoto wake. Nta nyingine iingie kwenye sanduku la shule, na metroni ajulishwe.