Kabla Hujakokotoa pH ya Bafa

Bafa ni mchanganyiko wa asidi dhaifu na besi yake, unaozuia pH isiyumbe. Mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch wa kuikokotoa wenyewe ni mwepesi: pH = pKa + log([besi] ÷ [asidi]), ambapo pKa ni pH ambayo asidi na besi yake huwa sawa kwa kiasi, na mabano yanamaanisha mkolezo. Wengi wanaokosa jibu hukosa kabla hata ya kugusa kikokotoo, kwa sababu namba walizoingiza si zenyewe.

Kwanza ujue ni jozi ipi ya asidi na besi inayofanya kazi. Asidi ya fosfori huachia protoni 3, kwa hiyo ina pKa tatu: takriban 2.1, 7.2 na 12.3. Ukitaka bafa ya pH 7.4 kwa ajili ya kimeng'enya, iliyo karibu ni 7.2, maana yake asidi yako ni H₂PO₄⁻ na besi ni HPO₄²⁻. Hizo nyingine mbili achana nazo. pH unayoitaka isiwe mbali na pKa kwa zaidi ya 1. Asetati, yenye pKa 4.76, haiwezi kukulindia pH 7.4 hata ukiimwaga ndoo nzima.

Kisha soma lebo ya chupa, uisome yote. Hapa ndipo watu wazuri kabisa wa hesabu wanapoumia. Tuseme unataka lita 1 ya fosfeti ya milimolari 50 (milimoli 50 kwa lita), pH 7.4. Tofauti ya 7.4 na 7.2 ni 0.2, kwa hiyo uwiano wa besi kwa asidi ni 1.58. Hiyo ni milimoli 30.6 za besi na 19.4 za asidi. Na₂HPO₄ kavu ina uzito wa gramu 141.96 kwa moli, basi unapima gramu 4.35. Lakini iliyopo kabatini huenda ni ile yenye molekuli 12 za maji, ambayo moli yake ni gramu 358.14. Ukipima gramu 4.35 za hiyo, umeweka milimoli 12.1 tu: kwa hesabu ileile pH inashuka hadi 7.0, na bafa yote inabaki milimolari 31.5. Ilitakiwa upime karibu gramu 11.

Jiulize pia kazi itafanyika kwenye joto gani. Fosfeti haiyumbi sana, ila Trisi, bafa nyingine ya maabara, ni habari nyingine: pKa yake ni karibu 8.1 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na hupungua takriban 0.03 kwa kila nyuzi inayoongezeka. Trisi uliyoiweka 8.0 mezani itakuwa karibu 8.6 kwenye friji ya nyuzi 4. Kama protini yako itakaa kwenye barafu, rekebisha pH kwenye baridi hiyohiyo.

Ukiulizwa kitatokea nini bafa ikiongezewa asidi kali, usikimbilie logi. Hesabu milimoli kwanza. Weka milimoli 5 za HCl kwenye lita ile ya fosfeti: besi inashuka hadi 25.6, asidi inapanda hadi 24.4, na pH inakuwa 7.22. Milimoli hizohizo kwenye lita ya maji matupu zingeishusha hadi 2.3. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na bafa.

Angalia na kitakachoingia ndani yake. Kalsiamu ikikutana na fosfeti huganda na kuzama chini, kwa hiyo kimeng'enya kinachohitaji kalsiamu kitafutie bafa nyingine, kwa mfano HEPES, yenye pKa karibu 7.5.

Mwisho, chumvi ikiwa nyingi pKa halisi ya fosfeti hushuka, inaweza kufika karibu 6.8, ndiyo maana hesabu safi na kipimo havilingani sikuzote. Sawazisha mita ya pH kwa bafa sanifu zinazozunguka pH yako, mfano 7 na 10 kwa Trisi. Usijaze maji hadi alama ya lita kabla ya kurekebisha pH. Acha nafasi ya matone ya asidi au besi, ndipo ujazie.