Udongo chini ya reli: utajuaje kama ni wa kuaminika

Kosa kubwa ni kukagua wakati wa kiangazi, kila kitu kimekauka, unaandika "safi" unarudi Kampala, halafu mvua za Machi mpaka Mei zikishika kule Tororo kwenye vinamasi vya mafunjo mataruma, ile mihimili ya kulalia reli, yanaanza kucheza. Nenda udongo ukiwa umelowa. Uwe na kibali cha wenye reli na mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia treni tu, hapo hakuna kubishana.

Anza kwa miguu. Tafuta matope yaliyopanda juu ya kokoto, hasa kwenye maungio ya reli, maana gurudumu linagonga pale kila likipita na maji yaliyonaswa chini yanapanda na udongo laini. Treni ikipita kaa mbali utazame taruma, likizama na kurudi juu ujue chini kuna uwazi. Ikishapita gonga kwa mtaimbo, taruma ambalo halijakaa linalia kama debe tupu.

Halafu chimba pembeni, mwisho wa taruma, si chini ya reli yenyewe, shimo la mita 1 hivi. Chukua udongo wa chini, toa mawe, lowanisha kidogo, viringisha kamba nyembamba ya mm 3. Maramu ya changarawe inakatika mapema, hiyo ndiyo nzuri, mfinyanzi unaviringika tu, na ule mweusi, wa Karamoja mnaujua, unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka kwa hiyo tuta halitulii. Ukikuta mboji ya mafunjo usijidanganye, hiyo inadidimia miaka na miaka.

Kama una DCP, kile chuma chenye koni kinachopigiliwa ardhini kupima ugumu wa udongo, ndo vizuri zaidi: nyundo ya kilo 8 inadondoka mm 575, unasoma koni imezama kiasi gani kwa kila pigo. Mm 5 raha, mm 20 ni CBR (kipimo cha nguvu ya udongo kubeba mzigo) ya 12 au 13 hivi, mm 50 CBR imeshuka mpaka 5, hapo ni uji.

Sasa wengi wanapotelea kwenye wastani. Tuseme umepiga sehemu 10, 8 zimetoa mm 10 na 2 zimetoa mm 50, wastani ni 18, bosi anafurahi, na zile 2 ndizo zitakazoangusha behewa. Zirudie, piga kila baada ya mita chache mpaka ujue ulaini unaanzia wapi na kuishia wapi. Reli ilifika Kampala 1931, na matuta ya zamani mengi yalijazwa udongo uliokuwa karibu, basi unabadilika ghafla tu.

Kabla ya kuulaumu udongo angalia mtaro na kalavati, mara nyingi vimeziba majani na mchanga. Zibua, acha maji yaondoke, pima tena mvua ikirudi. Ikiwa bado ni mm 50, utolewe, iwekwe maramu iliyoshindiliwa juu ya kitambaa cha kuchuja, na mpaka siku hiyo treni zipite pole pole.