Mlango wa chumba cha kesho uwekeeni linta leo
Mkijenga nyumba za kikundi kwenye mji mdogo na fedha hazitoshi, msibane vyumba vyote. Jengeni nusu iliyo ngumu: msingi, choo, jiko, paa. Msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake walifanya hivyo Iquique, Chile, kwa familia karibu 100. Nusu nyingine wakazi wakaijenga wenyewe.

Kazi kubwa iko ukutani. Pale chumba kitakapoongezwa, mwageni sasa hivi linta ya mlango, yaani boriti ya zege inayobeba ukuta ulio juu ya mlango; chini yake pangeni matofali kwa udongo bila saruji, nje pigeni plasta kuzuia mvua. Mwenye nyumba akipata hela anabomoa plasta, anatoa tofali moja moja, ukuta haupasuki. Na tafadhalini sana, hapo pa chumba kijacho msichimbe shimo la choo.