Kabla hujampa fundi simu, angalia rekodi za maongezi

Unayepeleka simu kwa fundi pale Mwanjelwa, Mbeya, au unayetaka kuiuza, naomba kwanza ufungue sehemu ya mafaili. Simu nyingi za Android zina rekoda ya maongezi, na ikiwashwa ijirekodi yenyewe, huhifadhi maongezi yako bila kukuuliza tena. Utakuta folda nzima, kila faili lina jina la mtu au namba, mara nyingi na tarehe. Nywila hakuna. Aliyeshika simu iliyofunguliwa anasikiliza tu: ulivyomtajia wakala namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), ulivyomweleza daktari ugonjwa wako, bei uliyopatana na mnunuzi wa viazi wa Uyole.

Ingia kwenye programu ya kupigia, gusa vidoti vitatu, nenda mipangilio, tafuta kurekodi simu, zima. Kisha futa mafaili, halafu safisha na pipa la taka, maana yaliyofutwa hukaa humo siku kadhaa. Memori kadi itoe kabisa, ubaki nayo.

Kama kazi yako inahitaji rekodi, mwambie mwenzako mapema, tafadhali. Sauti yake ni mali yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo.

Ile programu ya kurekodi unayotumiwa WhatsApp uisakinishe mwenyewe, achana nayo. Google ilizibana programu za namna hiyo kwenye Play Store Mei 2022, na inayokuja kwa njia ya pembeni hujui inapeleka wapi maongezi yako.