Kabla hujapanda gari la kwenda Tadoba

Kila Mei inapokaribia, wanafunzi wetu walioko Pune, Nagpur na Hyderabad huanza kuulizana habari za Tadoba, na siku hizi hata ndugu waliosindikiza wagonjwa India wanataka kumwona chui milia kabla ya kurudi nyumbani. Hamna ubaya. Hifadhi iko wilaya ya Chandrapur, jimbo la Maharashtra, kiasi cha kilomita 150 kusini mwa Nagpur, na huko wanyama hao wanaonekana kweli. Tatizo ni kwamba watu hujiandaa kwa zile saa chache za ndani ya geti, kisha wakitoka wanajiona wamefika mjini. Kwa hiyo soma yote, usiishie kwenye tiketi.

Tukianza na hiyo tiketi: hukatwa mapema mtandaoni, na jina liwe lile lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. "Mama Salma" si jina la pasipoti. Tiketi huwezi kumpa mwenzako akaingilie kwa jina lako. Bei ya mgeni si ya mwenyeji, kama ilivyo Serengeti na Mara, basi usije ukagombana na karani dirishani.

Jumanne hawafungui. Kuanzia Julai mpaka mwisho wa Septemba eneo la ndani hufungwa kwa sababu ya mvua za monsuni. Ukiambiwa na wakala kwamba Agosti utaingia, muulize unaingia wapi hasa, kwa maana huenda anakuuzia ukanda wa nje kwa maneno matamu ya ndani.

Lala karibu na geti uliloandikiwa. Kolara iko kaskazini, Moharli iko kusini, na kuzunguka kwa barabara ya nje kunatosha kabisa kukukosesha zamu ya asubuhi. Nimewaona watu wakifika geti lisilo lao, wamevaa na kujipanga, magari yanaingia wao wanatazama.

Magari ya kuingilia ni yale ya wazi yaliyosajiliwa na hifadhi, pamoja na mwongozaji. Gari lako la kukodi linabaki nje. Simu nayo haiingii eneo la ndani, kwa hiyo beba kamera kama unayo, na mwambie mama yako tangu jana yake kwamba hutapatikana. Usimwachie presha.

Noti za rupia ziwepo mfukoni. Wenyeji wanalipa mpaka chai kwa kuskani msimbo kwa simu, nawe bila akaunti ya benki ya India huenda ukabaki umeshika simu kama pambo.

Nguo: rangi ya majani makavu au udongo, si shati jeupe la harusi. Manukato yaache hotelini. Desemba na Januari beba sweta zito, kofia na kitu cha masikioni. Asubuhi ndani ya gari lililo wazi, mtu wa Dar atajuta. Mei mambo yanageuka. Joto la Chandrapur hupita nyuzi 45, tena kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo watu hawajui kama wanaishiwa maji. Kunywa kabla ya kiu, weka chumvi za kuongeza maji mwilini (ORS) kwenye begi, na beba khanga. Lowesha, jifunike kichwa na shingo. Watalii wenye kofia za bei ghali wataiomba.

Sasa kwa nini watu waende Mei na joto lote hilo? Kwa sababu ya msitu wenyewe. Ule ni msitu mkavu unaopukutisha majani. Miti mingi ni mitiki, na aliyekulia Muheza karibu na Longuza ataitambua mara moja, ila pale imeota yenyewe, imechanganyika na mianzi, miti ya tendu na mahua. Kufikia Aprili majani yameanguka, vijito vimekauka, na wanyama wanalazimika kurudi kwenye ziwa la Tadoba, kwenye mabwawa, na kwenye vidimbwi vya kuchimbwa ambavyo baadhi vinajazwa kwa pampu za umeme wa jua. Oktoba msitu ni kijani, umefunga, unapendeza kwa picha, na chui milia anaweza kulala hatua chache kutoka barabarani usimwone. Chagua mwenyewe: raha ya hewa au nafasi ya kumwona. Hata Mei hakuna wa kukuhakikishia. Ukimwuliza mwongozaji kila mara "yuko wapi?", unamziba masikio, maana yeye anasikiliza mlio wa hofu wa nyani wa langur na wa paa wenye madoa. Kaa kimya.

Hapo sasa ndipo ninapotaka tuelewane. Hifadhi yote ni kilomita za mraba 1,727 hivi, na katika hizo 625 tu ndizo eneo la ndani. Sehemu kubwa iliyobaki ni ukanda wa kuzunguka: vijiji, mashamba ya mpunga, ng'ombe, na msitu ule ule wa mitiki. Chui milia hajui geti liko wapi. Wameonekana mpaka kwenye vichaka vya kituo cha umeme wa makaa ya mawe, pembeni kabisa ya mji wa Chandrapur.

Siku moja tulikuwa tumetoka zamu ya alasiri Moharli, tunarudi Chandrapur kwa gari la kukodi. Barabara ni ya lami, msitu huku na huku. Jua limeshazama, tairi la nyuma likapasuka. Dereva, mtu wa huko, hakushuka hapo hapo. Alizima redio, akateremsha kioo, akasikiliza. Akapiga honi, akawasha taa zote, ndipo akatoka na jeki. Kulikuwa na kijana wa Tanga, anasomea ufamasia, alikuwa amebanwa tangu getini. Dereva ameinamia tairi, kijana akachukua chupa yake ya maji, akavuka mtaro, akaingia nyuma ya kichaka, akachuchumaa.

Wanaume wawili wa kijijini walikuwa wanakuja na pikipiki, wamefunga madebe ya maziwa. Walimwona akipotelea humo. Walisimama, wakaanza kupiga mayowe huku mmoja akiligonga debe kwa ufunguo wa pikipiki. Kijana hakuelewa neno hata moja, ila alielewa sauti. Alitoka mbio, suruali ameishika kwa mkono mmoja, akatumbukia mtaroni. Kifundo cha mguu kikavimba mpaka kiatu kikagoma kutoka. Usiku ule tuliumalizia hospitali, mguu ukafungwa, na treni ya Pune ikaondoka na tiketi zetu.

Chui milia mwenyewe hakuonekana, na huenda hakuwepo kabisa. Lakini wale jamaa, kupitia dereva, walieleza kwamba ng'ombe alikuwa ameuawa upande ule, na chui milia hurudi kwenye mzoga wake. Kisha mmoja akachuchumaa pale pale kwenye lami kutuonyesha. Mtu aliyesimama wima, mnyama husita kumvamia. Mtu aliyeinama au kuchuchumaa anaonekana mfupi, kama windo. Ndiyo maana wanaoshambuliwa mara kwa mara ni wachuma majani ya tendu, yale ya kusokotea biri, na waokota maua ya mahua: wako chini, mgongo juu, macho kwenye majani, alfajiri. Wao wanaingia kwa sababu ya riziki. Wewe unaingia kwa sababu hukwenda chooni.

Basi nenda chooni getini, hata kama hujisikii. Kagua tairi la akiba na jeki kabla ya kuondoka mjini. Gari likiharibika, kaa ndani. Mwenye haja asiyeweza kuvumilia aimalize nyuma ya gari, taa zimewaka, wenzake wamesimama kando wametazama msituni, aibu itapita.

Na si chui milia peke yake. Dubu wa kule wanapenda mno maua ya mahua, na dubu akishtushwa hakimbii, anavamia. Usitembee kwa miguu asubuhi kutoka nyumba ya wageni kwenda kununua chai. Usiku mwite mlinzi akusindikize hata kama chumba unakiona. Watoto wasiachwe wakicheza nyuma ya jengo, mbwa wa mitaani wasilishwe karibu na mlango kwa sababu wanamvuta chui wa kawaida, sigara isitupwe dirishani maana majani yale yanashika moto upesi, namba ya dereva iandikwe kwenye karatasi kwa kuwa simu itakuwa imezimika, na kama mwenyeji amekwambia usipite njia fulani jioni ile, usianze kumuuliza kwa nini.