Kuchukua sampuli za kombe na samaki Tanga kwa kipimo cha metali nzito

Mashine ya maabara husoma risasi au kadimi hata ikiwa sehemu chache tu katika bilioni, lakini haiwezi kujua kama imetoka kwenye kombe au kwenye kisu chako. Vipimo vingi vibovu huharibikia matopeni, kabla deli halijafungwa.

Kabla ya kushuka ufukweni, iulize maabara mambo matatu: wanapima metali zipi, kiwango cha chini kabisa wanachoweza kukiona ni kipi, na majibu wanayatoa kwa uzito mbichi au mkavu. Sehemu ya pwani hii, ikiwemo Mwambani na Kigombe kusini ya mji, iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, hivyo ndani ya mipaka yake tafuta kibali kwanza. Kwingineko zungumza na BMU ya kijiji, yaani kikundi cha usimamizi wa fukwe.

Vyombo vyote viwe vya plastiki. Viloweke saa 24 katika asidi ya nitriki ya asilimia 10 (kipimo kimoja cha asidi kwa tisa vya maji, na ni asidi inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi), kisha suuza mara tatu kwa maji ya maabara yaliyoondolewa madini. Maji ya betri ya dukani yaache: usafi wake huna uhakika nao, na mengine yanayouzwa kwa jina hilo ni asidi ya salfa. Ndoo ya bati usiiguse, inamwaga zinki. Glavu ziwe zisizo na unga, kwa sababu unga nao mara nyingi una zinki. Pete vua, na sigara iache nyumbani, maana tumbaku ina kadimi.

Nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, ili ufike walipo kombe wakubwa. Okota 20 hadi 25 kila kituo (mahali unapookotea), wenye ukubwa unaokaribiana. Ukichanganya wadogo na wakubwa, tofauti utakayoiona kati ya kituo na kituo huenda ni ya umri tu. Kituo kimoja kiwe karibu na bandari au mdomo wa mfereji, kingine mbali na mji, vinginevyo huna cha kulinganisha. Andika saa, mahali na urefu wa kila gamba kwa penseli. Wino huyeyuka barafu ikitoa maji.

Hatua inayorukwa zaidi ni kuwasafisha matumbo. Kombe aliyetoka topeni ana tope ndani, na tope hilo lina risasi, chuma na kromi ambazo hazijaingia mwilini mwake. Waweke saa 24 kivulini, katika ndoo ya plastiki yenye maji ya bahari ya palepale yaliyochujwa, juu ya wavu wa plastiki ili wasirudie kula kinyesi chao. Badilisha maji baada ya saa 12. Anayebaki mdomo wazi hata ukimgusa, mtupe. Ila kama swali lako ni kile anachokula mlaji, na watu wa hapo hupika kombe bila kuwasafisha hivyo, chukua kundi la pili usilolisafisha.

Fungua kwa kisu cha plastiki au cha seramiki, kwa kuwa cha chuma cha pua huacha nikeli na kromi. Wape dakika tano wachuruzike maji, pima uzito wa nyama, changanya ya kituo kizima, funga mifuko miwili, gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Beba pia chupa moja ya maji safi ya maabara, uifungue kituoni na kuifunga tena. Ikionekana ina zinki, imeingia kwa mkono au kwa hewa.

Kwa samaki, pima urefu wake akiwa mzima, kisha kata mnofu wa mgongoni bila ngozi. Zebaki hupanda kadiri samaki anavyokuwa mkubwa na anavyokula wenzake, kwa hiyo papa na nguru wasiwekwe fungu moja na tasi. Nyama ya kupimia zebaki isikaushwe kwenye joto kali, maana sehemu yake huruka. Kausha kwa kugandisha, au usizidishe nyuzi 60.

Maabara ionyeshe pia kipimo cha sampuli rejea, yenye kiwango kinachojulikana. Isiporejesha asilimia 80 hadi 120 ya kiwango hicho, majibu yenu hayafai.

Yakishafika, angalia uzito kwanza. Nyama ya kombe ni maji kwa takriban asilimia 80, kwa hiyo miligramu 5 za kadimi kwa kilo kavu ni kama 1 tu kwa kilo mbichi. Umoja wa Ulaya unaruhusu kombe wawe na kadimi hadi miligramu 1.0 na risasi hadi miligramu 1.5 kwa kilo, kwa uzito mbichi. Ukilinganisha namba kavu na mipaka hiyo, utatangaza sumu isiyokuwapo. Zinki ikiwa juu sana kwenye chaza, usishtuke: chaza huilimbikiza hata mahali pasafi.