Prosesa Inapopata Moto Kupita Kiasi: Namna ya Kukagua na Kubadilisha Themo Pesti Iliyokauka

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika katika stesheneri, maduka ya intaneti na ofisi ndogo za Afrika Mashariki zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, na huenda zimefanya kazi miaka mitano au kumi bila mtu yeyote kugusa sehemu inayopoza prosesa, yaani chipu kuu inayoendesha kompyuta. Dalili huanza taratibu. Feni huunguruma hata pale ambapo hakuna programu nzito iliyofunguliwa, mashine huwa nzito kadiri saa zinavyopita, kisha siku moja huzima ghafla katikati ya kazi, na ukiiwasha papo hapo huzima tena baada ya dakika moja au mbili. Wenye mashine wengi hukimbilia kupiga Windows upya au kununua pawa saplai nyingine, ilhali tatizo liko kwenye utando mwembamba wa themo pesti (mchanganyiko mzito unaosaidia joto kuvuka) kati ya prosesa na hitisinki inayoipoza, utando ambao umekauka au haupo kabisa. Kazi ya kuubadilisha inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mkono mtulivu, mradi aelewe kwanza pesti hiyo inafanya nini.

Juu ya prosesa ya kompyuta ya mezani kuna kifuniko cha chuma, na juu ya kifuniko hicho hukaa hitisinki, yaani kile kipande kizito cha alumini au shaba chenye mapezi, ambacho hupulizwa na feni ili joto litoke. Nyuso hizo mbili huonekana laini kwa macho, lakini zina mikwaruzo na mabonde madogo mno, kiasi kwamba zikikutanishwa kavu hugusana katika sehemu chache tu na nafasi inayobaki hujaa hewa. Hewa hupitisha joto kwa shida sana: uwezo wake ni takriban wati 0.026 kwa mita kwa kila kelvini, ilhali alumini hufikia takriban 237 na shaba hukaribia 400. Pesti za kawaida huwa kati ya 1 na 10 hivi. Tarakimu hizo zinafundisha mambo mawili kwa pamoja. Pesti inaishinda hewa kwa mbali, kwa hiyo ni lazima iwepo; lakini inashindwa na chuma kwa mbali vilevile, kwa hiyo inatakiwa ijaze mabonde tu na kuacha chuma kikaribiane na chuma. Anayepaka pesti nene akidhani anaiongezea mashine ubaridi anaweka kizuizi kati ya prosesa na kile kinachoipoza.

Pesti nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga laini sana, kama vile oksidi ya zinki au oksidi ya alumini. Kila mashine inapowashwa, prosesa hupata moto na kutanuka kidogo, na inapozimwa hupoa na kusinyaa, na hali hiyo ikijirudia kwa miaka mafuta husukumwa pembeni hadi unga ukabaki peke yake. Ukifungua mashine ya namna hiyo utakuta utando wa kijivu uliopasukapasuka, mgumu kwenye kingo, unaomeguka ukiukwangua kwa ukucha, na pale katikati, ambapo joto huwa kali zaidi, utaona chuma kitupu. Pesti kukosekana kabisa ni jambo jingine, na mara nyingi hutokea baada ya mtu kuifungua mashine ili aitoe vumbi, akairudisha hitisinki ilivyokuwa bila kupaka pesti mpya. Mara chache hitisinki mpya hufungwa huku karatasi ya plastiki inayolinda sehemu yake ya chini ikiwa bado haijabanduliwa.

Pima kabla ya kufungua

Usifungue hitisinki kwa kukisia. Katika Windows, programu kama Core Temp au HWMonitor huonyesha halijoto ya prosesa wakati huohuo unapoitumia mashine, na kwa watumiaji wa Linux amri ya sensors kutoka kifurushi cha lm-sensors hufanya kazi hiyohiyo. Ikiwa mashine haidumu hadi Windows ifunguke, ingia kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, wakati wa kuwasha, aghalabu kwa F2, F10 au Delete kutegemea aina ya mashine, na zipo nyingi zinazoonyesha halijoto humo. Prosesa nyingi za Intel za mezani za miaka ya karibuni zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi, wakati prosesa nyingi za AMD Ryzen za mfululizo wa 5000 zina kikomo cha nyuzi 90 na za mfululizo wa 7000 nyuzi 95. Zikifika hapo hupunguza kasi ili zijilinde, na ndiyo maana mashine huwa nzito kabla haijaanza kuzima. Joto likizidi kupanda hata baada ya kasi kupungua, mashine hujizima yenyewe.

Zingatia pia joto la chumba, kwa sababu hitisinki haiwezi kushusha halijoto ya prosesa chini ya ile ya hewa inayoizunguka. Mashine inayosoma nyuzi 65 katika chumba cha nyuzi 22 kule Nairobi inaweza kusoma karibu nyuzi 75 katika chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, bila kuwa na kasoro yoyote.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni namna joto linavyopanda. Ipe prosesa kazi nzito, kwa mfano kubana faili kubwa au kubadilisha muundo wa video, huku ukitazama namba. Zikiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache, na zikishuka haraka vivyo hivyo unapositisha kazi, basi joto halivuki kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye hitisinki, na pesti au mgusano ndio wa kushukiwa. Zikipanda polepole kwa dakika kadhaa hadi zikafika kulekule juu, basi joto linavuka vizuri lakini halitolewi nje, na chanzo ni vumbi au feni. Unaweza kuhakikisha kwa kidole: fungua upande wa kasha na uguse pezi la nje la hitisinki, mbali na feni. Programu ikisema nyuzi 95 huku hitisinki ikiwa ya uvuguvugu tu, umeshapata jibu. Ikiwa inaunguza, anza kwa kutoa vumbi lililoshonana kati ya mapezi na kukagua feni, na huenda usihitaji pesti kabisa.

Vifaa

Tyubu ya gramu 1 au 2 ya themo pesti hutosha prosesa zaidi ya moja. Kwa maoni yangu, hakuna haja ya kununua ile ghali kuliko zote kwa ajili ya mashine ya ofisi, kwa kuwa usafi wa nyuso na mkandamizo ulio sawa hubadilisha matokeo kuliko jina lililoandikwa kwenye tyubu. Tafuta spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 inafaa pia ikiwa utaiacha ikauke vizuri. Sanitaiza ya jeli haifai, kwani huacha utelezi. Utahitaji pia bisibisi, brashi laini, kitambaa kisichoacha nyuzi na kadi ya plastiki.

Dawa ya meno, grisi ya magari na mafuta ya kujipaka vyote viachwe. Dawa ya meno inaweza kushusha joto kwa muda mfupi kwa sababu ina maji, lakini maji hayo hukauka na hali hurudi ilivyokuwa ikiwa na uchafu zaidi. Pesti ya metali kimiminika nayo isitumike kwenye hitisinki ya alumini, kwa kuwa galiamu iliyomo huila alumini.

Kufungua na kusafisha

Ikiwa mashine inakubali kukaa muda, iwashe kwa dakika chache ili pesti ilainike, kisha izime, chomoa waya wa umeme na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine chochote ndani. Piga picha ya jinsi nyaya zilivyokaa, halafu uchomoe waya wa feni ya prosesa kwenye madabodi, yaani bodi kuu inayobeba prosesa.

Hitisinki za skrubu hulegezwa kwa mkingamo, kidogo kidogo, kona moja kisha kona inayoitazama. Zile za kawaida za Intel zenye miguu minne ya plastiki hufunguliwa kwa kuzungusha kichwa cha kila mguu robo mzunguko kufuata mshale uliochorwa juu yake, kisha kukivuta juu. Kwenye mashine za AMD za soketi (tundu inamokaa prosesa) ya AM4 na zilizotangulia uangalifu lazima uongezeke, kwa sababu pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti kavu inaweza kuishika kwa nguvu kiasi cha kuing'oa kutoka kwenye soketi pamoja na hitisinki huku pini zikipinda. Zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia hadi uhisi imeachia, ndipo uinyanyue. Ikigoma, ipashe moto kwa draya ya nywele. Usiingize bisibisi kuitekua.

Acha prosesa ndani ya soketi yake wakati wa kusafisha. Kwangua utando mgumu kwa ukingo wa kadi ya plastiki, kamwe usitumie wembe, kisha ulowanishe kitambaa kwa spiriti na ufute ukielekea katikati ili uchafu usimwagikie kwenye soketi. Rudia kwa kitambaa kipya hadi kitoke cheupe. Fanya hivyohivyo upande wa chini wa hitisinki, safisha mapezi kwa brashi huku ukiizuia feni isizunguke, na kuanzia hapo usiguse tena nyuso hizo kwa vidole.

Kupaka na kufunga

Kwa prosesa ya umbo la mraba, weka pesti katikati kiasi cha punje ndogo ya njegere. Kwa prosesa ndefu kama za Intel za soketi ya LGA 1700, chora mstari mfupi au alama ya X. Hakuna lazima ya kuitandaza kwa mkono, kwa kuwa uzito na mkandamizo wa hitisinki huifanya kazi hiyo. Anayependa kutandaza atumie kadi na ahakikishe uso wote umefunikwa kwa utando mwembamba. Ikiwa tyubu imekaa muda mrefu na mafuta yanatoka peke yake mwanzoni, yakamue pembeni kwanza. Shusha hitisinki wima, moja kwa moja, na ikishagusa usiinyanyue tena, maana ukiinyanyua hewa huingia na itakubidi ufute na kuanza upya.

Ufungaji ndio unaoharibu kazi nyingi zilizofanywa vizuri hadi hapo. Ile miguu ya plastiki ya Intel inatakiwa kwanza irudishwe kwenye mkao wake kwa kuizungusha kinyume cha mshale, kisha ibonyezwe miwili miwili kwa mkingamo hadi kila mmoja utoe mlio wa kuingia. Mguu mmoja ukibaki nusu, hitisinki huinama kwa kiasi ambacho jicho halikioni kutoka juu, na prosesa itaendelea kupata moto huku pesti ikiwa mpya. Kwa hiyo angalia nyuma ya madabodi, inapowezekana, uone kama ncha zote nne zimetokeza na kutanuka. Kwa hitisinki za skrubu, kaza kila moja mizunguko michache, uhamie ya kona inayoitazama, hadi zote zigome kwa usawa. Rudisha waya wa feni mahali palipoandikwa CPU_FAN.

Washa mashine na urudie kazi ileile nzito uliyoipa mwanzoni, kwa muda uleule. Pale ambapo pesti ilikuwa imekauka kabisa, kushuka kwa nyuzi 10 hadi 30 si jambo la ajabu. Ikiwa namba bado zinaruka, fungua tena na usome alama iliyoachwa na pesti: utando mwembamba unaolingana pande zote ni ishara ya mgusano mzuri, na ulio mnene upande mmoja unaonyesha kuwa hitisinki ilikaa ikiwa imeinama. Safisha, upake upya na ufunge kwa uangalifu zaidi.

Kwa wenye laptopu

Kanuni hubaki zilezile, lakini nyingi kati ya laptopu hazina kifuniko cha chuma juu ya prosesa, bali kipande cha chipu yenyewe kilicho wazi ambacho hupasuka kirahisi pembeni kikikandamizwa upande mmoja. Chomoa betri kwanza. Legeza na ukaze skrubu kwa kufuata namba zilizoandikwa kando yake, na uhakikishe pesti inafunika kipande hicho chote hadi kwenye kona. Toa pia tabaka la vumbi linalojikusanya kati ya feni na mapezi, kwa kuwa halionekani mpaka feni itolewe. Vipande laini vinavyofanana na mpira, vilivyobandikwa juu ya chipu nyingine, visibadilishwe kwa pesti, maana vimewekwa kujaza nafasi kubwa ambayo pesti haiwezi kuifikia. Vikiwa vimechanika, nunua vingine vya unene uleule, kwani vikizidi unene huinyanyua hitisinki kutoka kwenye prosesa na pesti uliyopaka haitagusa chuma cha juu.